Karatasi za Majina

"Mama Mutugi, ukifa leo, ufunguo unabaki na nani?"

Swali hilo jirani yangu Gikunda aliniuliza mwaka juzi asubuhi moja, yeye akiwa upande wake wa ua na mimi upande wangu, nakata majani ya migomba ya kulisha ng'ombe. Hakuwa anacheka, wala hakuwa na ubaya usoni. Aliuliza kama mtu anayeuliza ikiwa maji ya mfereji yamefika.

Ufunguo aliousema ulikuwa shingoni mwangu, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Ulikuwa wa kufuli la nyumba ya wazee.

Hapa kwetu Mitunguu vijana wengi wameondoka. Wako Nairobi, na wengine wako Laare kwa biashara ya miraa. Wazee ndio wamebaki na ndizi. Ukipita njiani unamkuta mtu ameketi mlangoni, kucha zimekuwa ndefu mpaka zimejikunja, na unga uko ndani lakini hakuna wa kukoroga. Mume wangu Hezekiah alipofariki nilibaki na mikono isiyo na kazi, nikaanza na mzee mmoja tu, Mama Ntinyari. Nilikuwa namwogesha kila Jumanne. Akaja wa pili, na wa tatu. Wanawake wa kanisa wakajiunga, na wanaume wachache. Mwishowe tulikuwa watu ishirini na watatu, na hakuna aliyelipwa hata kwa kikombe cha sukari.

Mama Ntinyari hakujaliwa mtoto. Mume wake alimwachia ekari moja na nusu, na laini ya maji ya bomba ambayo haikauki hata Septemba, wakati mashamba mengine yote yanakuwa rangi ya gunia. Alitupa kona moja ya shamba, karibu na barabara. "Jengeni hapo," alisema, "ili nife nikisikia watu." Tukajenga chumba cha mabati, bafu na choo. Kona tu. Hilo nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililokuja kuwa neno.

Gikunda anapakana nami upande mmoja, na upande wa chini anapakana na Ntinyari. Laini yake ya maji hukauka Agosti. Alikuwa karani wa chama cha wakulima mpaka akastaafu, na barua zote za kijiji hiki hupita mikononi mwake: za mirathi, za shule, za kuomba chifu. Hadai kitu. Anabeba faili la kahawia chini ya kwapa hata akienda kuchota maji.

Siku ile nilimjibu, "Ufunguo uko na Mungu, Baba Winrose."

"Mungu hana kitambulisho," akasema. "Ofisini wanataka mtu mwenye kitambulisho. Mkiwa hamjaandikishwa, siku utakapofumba macho hiyo nyumba ni ya yeyote atakayevunja kufuli."

Nililiombea jambo hilo siku saba. Nikaona ni kweli, na nikamshukuru Mungu kwa kunipa jirani mwenye elimu.

Tulikutana Ijumaa, wazee wakiwa nje wanaota jua baada ya kuoga. Gikunda alisimama mbele akatueleza vizuri. Alisema kuna kikundi cha kujisaidia, na kuna shirika la kijamii.

"Kikundi ni kama wale wa kufuga kuku," alisema. "Wanajisaidia wenyewe. Ninyi mnasaidia wengine, kwa hivyo ninyi ni shirika. Mtataka jina, katiba, viongozi watatu, kumbukumbu za mkutano, na orodha ya wanachama."

"Jina ninalo," akasema Nyamu. Huyu Nyamu ndiye hutuletea maji na wazee wasioweza kutembea, wote kwa mkokoteni mmoja. "Tuitwe Shirika la Kucha Fupi."

"Wewe na mkokoteni wako nyamazeni," Joyline, mwalimu wa chekechea, akamwambia. "Tutapeleka hiyo ofisini tuchekwe?"

Tulikubaliana Nyumba ya Jua. Walinichagua mwenyekiti. Nikawaambia mimi niliishia darasa la saba, wakasema darasa la saba la zamani ni chuo cha sasa. Joyline akawa katibu, Nyamu mweka hazina wa hazina isiyokuwepo. Gikunda akasema yeye hataki cheo, atakuwa mlezi tu, na hiyo katiba atatuandikia.

Kisha akafungua faili, akatoa karatasi mbili za mistari.

Hapa kwetu karatasi ikipita, unaandika. Ukienda matanga inapita karatasi, ukienda mkutano wa mbolea inapita, kanisani inapita, kwa chifu inapita. Jina, namba ya kitambulisho, sahihi. Huulizi. Mtu akiuliza anaonekana ana jambo. Nimeandika jina langu kwa karatasi nyingi kuliko nyimbo ninazozijua.

"Mwenyekiti aanze," akasema Gikunda. "Anzia hapa." Akaweka kidole mahali, upana wa kiganja kutoka juu. "Huku juu nitaandika kichwa cha mkutano."

Nikaandika. Akaniletea na ile ya pili, akaniambia mwenyekiti huanza kwa zote. Moja ikapita mstari wa walioketi kulia, nyingine mstari wa walioketi kushoto, ili tumalize haraka. Nikaona kwamba hata ile ya pili imeachwa wazi juu, upana uleule wa kiganja. Nikawaza, karatasi ya pili ina haja gani ya kichwa? Nikawaza hivyo kabisa. Kisha chai ikaja, na mzee mmoja nje akaita, nikainuka.

Ilikuwa kama wiki tatu baadaye Mama Ntinyari aliponiambia, nikiwa nampaka mafuta miguuni, "Yule mtu wako anatembea kwa shamba langu akihesabu hatua."

"Nani, Mama?"

"Wa faili. Anafika kwa bomba la maji anasimama. Anaenda mpaka kwa mparachichi, anarudi. Hasalimu."

Macho ya Ntinyari yamefifia lakini masikio yake ni ya paka. Nikamwambia pengine anapima kona yetu kwa ajili ya katiba. Baadaye akasema, "Kona si iko huku barabarani? Bomba liko kule chini."

Jioni hiyo nilipita nikaangalia. Kulikuwa na vijiti vinne vimepigwa ardhini, vimepakwa rangi nyekundu. Havikuzunguka kona. Vilizunguka shamba lote, na nyumba ya Ntinyari ilikuwa ndani, na jiko lake, na kaburi la mume wake.

Sikuving'oa. Nilikwenda kwa Gikunda nikamwambia naomba nisome katiba.

"Iko kwa mchapaji, Meru mjini," alisema. "Ikiiva nitakuletea." Akanikaribisha chai. Bibi yake akanipa na ndizi za kupeleka nyumbani. Walikuwa wakarimu mno, na nilipoinuka kwenda alinisindikiza mpaka langoni, akasimama pale hadi nikafika kwangu. Niligeuka mara mbili, na mara zote mbili alikuwa bado amesimama.

Juma lililofuata akaniletea kurasa tatu. Nilizisoma usiku na mchana kwa rula, mstari baada ya mstari, kama nilivyofundishwa na mwalimu wangu kule Embu nilikozaliwa. Zilikuwa maneno mazuri: upendo kwa wazee, kujitolea, kutobagua. Ukurasa wa tatu uliishia katikati ya kifungu cha tisa. Sentensi haikuwa imemalizika.

"Zingine ni za kawaida," aliniambia. "Kila katiba iko nazo. Utachosha macho bure, Mama Mutugi."

Ijumaa hiyo nilipofika kwa Ntinyari nilikuta blanketi jipya kitandani, bado lina mikunjo ya duka. Yeye alikuwa ameketi chini, ameficha mkono wa kulia ndani ya kiondo.

"Ameniletea blanketi," alisema. "Na kibati cha wino. Ati niweke kidole, ya kuonyesha nimepokea."

"Ukaweka?"

"Nikamwambia kidole changu kimekufa, kimekuwa hivyo tangu mvua. Akakishika akakiangalia. Akasema atarudi kikipona." Akautoa mkono polepole, akakunja kidole gumba, akakikunjua. "Ruguru, ni lazima nilale na blanketi la huyo mtu?"

Ni yeye tu hapa aniitaye kwa jina langu la kuzaliwa. Nililikunja blanketi nikaliweka mlangoni.

Jumatatu nilivaa nguo ya ibada nikaenda Nkubu, kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Sikumwambia mtu, hata Joyline. Nilimkuta binti mmoja wa umri wa mwanangu, mpole, meza imejaa mafaili. Nikamtajia Nyumba ya Jua. Akatafuta, akatoa faili.

"Lakini hii imekaribia kumalizika, Mama," akasema. "Tunangoja tu viongozi watatu waje Alhamisi na vitambulisho, tuhakikishe ni ninyi, kisha cheti kitoke. Si ndiwe mwenyekiti?"

"Ndimi. Lakini naomba nisome."

Akanigeuzia faili. Nikatoa rula yangu. Nadhani alitaka kucheka, akajizuia. Watu waliingia na kutoka, mimi nikasoma. Kifungu cha tisa kilimalizika vizuri. Cha kumi na nne kilisema shirika linaweza kuvunjwa kwa uamuzi wa mlezi na kiongozi mmoja yeyote, na likivunjwa, mali yake yote itakuwa ya mlezi.

Nikasoma mara ya pili kwa kuogopa kwamba ni Kiswahili changu kimepungua. Hakikuwa kimepungua.

Nyuma ya katiba kulikuwa na kumbukumbu za mkutano. Ziliandikwa kwa mkono, juu ya karatasi ya mistari, mahali palipokuwa wazi upana wa kiganja, na mwandiko ulikuwa mdogo sana ili utoshe. Zilisema tarehe kumi na nne wanachama walikutana, na Bi Ntinyari akatoa shamba lake lote, ekari moja na nusu pamoja na laini ya maji, kwa shirika, na mlezi ndiye atakayeshika hati. Walioshuhudia ni hawa. Chini yake ndipo majina yalipoanza, na la kwanza lilikuwa langu. Pembeni kulikuwa na duara limechorwa kwa kalamu, tupu, na maneno: kidole cha mtoaji.

"Hii karatasi ikienda bodi ya ardhi na hicho kidole kikiwa ndani, itafanya nini?" nikamwuliza binti.

Akaivuta, akaisoma. Uso wake ulibadilika. "Peke yake haitoshi," akasema. "Lakini mashahidi kumi na wawili ni wengi, Mama. Huyo nyanya akiwa hayuko tena, nani atabisha?"

"Kumi na wawili?"

"Wanachama wako. Hapa ni kumi na wawili. Sheria inataka kumi au zaidi, kwa hivyo mko sawa."

"Sisi tuko ishirini na watatu," nikasema.

Akahesabu tena kwa kalamu. Kumi na wawili. Hakukuwa na karatasi nyingine ndani ya faili. Nililiona hilo, nikaliweka moyoni, kwa sababu wakati huo nilikuwa na jambo lingine la kufanya. Niliandika barua palepale, kwa mkono wangu, kwamba mwenyekiti haijui katiba hiyo wala mkutano huo, na Alhamisi hatuji. Binti akaigonga muhuri, akaandika juu ya faili: imesimamishwa. Akanipa nakala. Vile vifungu vibaya na zile kumbukumbu nikavinakili kwa daftari, neno kwa neno.

Niliposhuka Mitunguu, Gikunda alikuwa amesimama penye bodaboda zinapongojea abiria, na faili lake.

"Umetoka Nkubu," akasema. Hakuuliza.

"Nimetoka."

"Umechoka. Mtu wa umri wetu hafai kusafiri peke yake, Mama Mutugi. Anaweza kuanguka mahali, na watu wajue kesho yake." Akanichukulia kikapu, akakibeba mpaka langoni kwangu. Ndani ya kikapu kulikuwa na nakala ya barua, chini ya sabuni na chumvi. Hakufunua. Alikiweka chini taratibu sana, kama mtu anayelaza mtoto.

Jumatano niliita wote. Nilimwita na Gikunda, kwa sababu si vizuri kumsema mtu hayupo. Ntinyari aliomba aletwe pia, Nyamu akamleta kwa mkokoteni, akamkalisha mlangoni penye jua. Tuliomba. Nikafungua daftari.

Nilisoma kifungu cha kumi na nne. Nikasoma kumbukumbu. Ninasoma polepole, na hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, Gikunda alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma, kama mwalimu aliyesikia jibu la mtoto.

"Mama Mutugi amechanganyikiwa kidogo," akasema. "Nilinakili katiba ya shirika lingine. Kila katiba lazima iseme mali itaenda wapi kundi likivunjika. Hiyo ni sheria."

"Ni sheria," nikasema. "Binti wa ofisini aliniambia. Lakini alisema huandikwa kwamba inaenda kwa kundi lingine la kazi kama hiyo. Haiendi kwa mtu."

"Basi tutarekebisha. Ni neno moja."

"Na kumbukumbu nani aliandika? Katibu ni Joyline."

"Mimi sijaandika," akasema Joyline. "Baba Winrose, mimi unaniona kila siku. Si ungeniuliza?"

"Nilikupunguzia kazi, binti yangu. Mkutano ulikuwa."

"Ulikuwa tarehe ngapi?" Huyo alikuwa Nyamu. Alikuwa amesimama nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha usoni.

Nikaangalia daftari. "Kumi na nne."

Nje mzee mmoja alikohoa.

"Tarehe kumi na nne nilikuwa Kiirua namzika mama yangu," akasema Nyamu. "Ninyi nyote mlikuja kwa basi la kanisa. Mzee Gikunda, wewe ndiwe ulisoma historia ya marehemu. Ulisimama juu ya kaburi ukalia na mimi. Sahihi yangu ilikuwa Mitunguu ikitoa shamba la Shosho Ntinyari?"

Mlangoni Ntinyari alisema bila kugeuza kichwa, "Muulizeni kama blanketi alilonipa nalo litarudi kuwa lake." Mtu mmoja akacheka kidogo kwa woga, kisha akaacha.

Nilisema yale niliyokuwa nimeomba niyaseme bila hasira. Katiba tutaiandika upya sisi wenyewe, kwa daftari, kila mtu akisikia kila kifungu kabla ya kalamu kugusa karatasi. Shamba ni la Mama Ntinyari mpaka Mungu amwite, na kona ni ile aliyotupa kwa mdomo wake, na itapimwa yeye akiwepo. Hakutakuwa na mlezi. Kisha nikavua ile kamba shingoni. Nilikuwa nimepita kwa fundi, kufuli sasa lilikuwa na funguo tatu. Mmoja nikampa Joyline, mmoja Nyamu, mmoja nikarudisha shingoni.

"Uliniuliza nikifa ufunguo unabaki na nani," nikamwambia Gikunda. "Hilo ndilo jibu. Lilikuwa swali zuri, na nilikushukuru."

Akainamisha kichwa. Nafikiri wengine waliona aibu kwa niaba yake, na kama ningeishia hapo wangemsamehe siku hiyohiyo na kumpa chai. Joyline alikuwa tayari ameishika chupa. Lakini lile nililoweka moyoni Nkubu lilikuwa bado limekaa, na kila nilipowahesabu watu waliokuwa mle ndani lilikuwa zito zaidi. Mstari wa kulia, kumi na wawili. Mstari wa kushoto, kumi na mmoja, na jina langu juu yao.

"Baba Winrose," nikasema, "ile siku karatasi zilikuwa mbili. Ofisini iko moja. Imeandikwa juu, na tumeisimamisha. Ya pili bado ina nafasi juu, upana wa kiganja, ya mtu kuandika lolote. Ina majina yetu, na namba zetu, na sahihi zetu. Iko wapi?"

Watu wa mstari wa kushoto walianza kuangaliana. Mmoja wao aliangalia mkono wake mwenyewe.

Gikunda hakukasirika. Alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kuanzia chini. Alichukua faili lake la kahawia pale mezani, lile alilotolea karatasi zote mbili, akaliweka chini ya kwapa, akalibana. Akanitazama kwa muda, sawasawa na vile alivyonitazama siku ile uani. Kisha akatoka, akampita Ntinyari mlangoni bila kumkanyaga na bila kumsalimu, akashika njia ya chini inayopita kwenye vijiti vyekundu.